Ramani Iliyoalika Watu

Mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, sokoni, msibani, hata kwenye benchi la daktari wa meno nikiwa na pamba mdomoni, na kila mmoja nimempa jibu kwa kadiri ya haraka niliyokuwa nayo. Sasa majibu yenyewe yamekutana huko mitaani na yanagombana. Kwa hiyo naandika mara moja, kwa wote. Hapana, sijaolewa. Hapana, sijaachika tena. Na yule mbuzi mliyemwona kwenye bajaji ya Shekue hakuwa mahari ya mtu.

Barabara ya Kumi na Mbili

Kazi yangu mnaijua, ingawa wengi wenu mnaieleza vibaya. Natengeneza ramani za mtandaoni. Mtu mwenye maduka au matangi ya maji ananipa orodha ya mahali, nakwenda kusimama mlangoni, simu inachukua nukta, jioni nazipandisha nukta zote kwenye ramani, na yeyote mwenye linki anaziona akiwa amejilaza kwake. Si uchawi, wala si upimaji wa viwanja. Hili la viwanja nalisisitiza kwa sababu limenifanya nifukuzwe kwenye nyumba za watu wenye heshima zao.

Mama yangu, Bi Zuhura, hakuijali kabisa kazi hiyo mpaka alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Kabla ya hapo ramani ya ukoo alikuwa yeye. Sisi tuko Tanga mjini, ndugu zetu wametapakaa pwani kutoka Moa hadi Mkwaja na kupanda mpaka milima ya Amani: watoto wa Waarabu wa Oman waliooa Wadigo, halafu Wabondei, halafu yeyote aliyekuwa karibu. Panapokuwa na harusi, mwalikaji ni mama. Kwetu hualikwi kwa kadi wala kwa simu. Mtu anakuja mwenyewe, anapiga hodi, anakaa, anakula, halafu ndipo anatoa neno. Asipokuja basi hukualikwa, hata kama jina lako limetangazwa kwa kipaza sauti.

Hapo ndipo penye kidonda. Nilipoolewa, mama aliizunguka pwani nzima isipokuwa Mkwaja, maana mvua ilikuwa imekata njia. Mdogo wake aliyekuwa akikaa huko, mama mdogo Rukia, akaalikwa kwa simu. "Mimi nimealikwa na simu?" akauliza, akakata. Hakuja. Mama naye akasema dada anayekosa harusi ya mwanawe kwa ajili ya kupigiwa simu, huyo si wa kulilia. Ndoa yangu ilikufa mapema, Mungu airehemu, lakini ugomvi wake ulibaki hai na afya tele. Wale wawili hawakusemezana tena tangu siku ile. Nilikuwa namtazama mama amelala chali akisoma dari, na nilikuwa naogopa jambo moja tu: kwamba atakufa hawajapatana, kisha mama mdogo aje kulia juu ya jeneza, nami nimchukie maisha yangu yote.

Asubuhi moja akaniita.

"Hiyo ramani yako, inatia watu?"

"Inatia mahali, mama. Watu wanahama."

"Ndugu zangu hawahami. Watie wote. Mlango wa kila mmoja, na wangapi wamo ndani. Nikiondoka mie, nani atajua Bakari anakaa wapi?"

"Na mama mdogo Rukia?"

"Huyo usimtie."

Akageukia ukutani. Akaendelea kunitajia majina akiwa huko huko ukutani, na jina la mwisho lilikuwa la Mzee Mbwana wa Mkwaja. Mzee Mbwana alikuwa jirani wa mama mdogo, nyumba zikigusana, na udugu wake nasi hakuna aliyewahi kuueleza akafika mwisho. Nilitaka kuuliza, nikaona nisimchokoze.

Siku ya kuondoka nilikuta kikapu mlangoni. Mama alikuwa ameagiza halua, ameifunga mwenyewe pale kitandani, mafungu ya karatasi nyeupe yenye uzi mwekundu. "Usiende kwa watu mikono mitupu," akasema. "Kila nyumba fungu moja." Nikaona ni adabu tu. Alipokuwa akizunguka kualika harusi yangu, mimi nilikuwa ndani nikisuguliwa kwa singo ya kunukia ya bibi harusi, sikujua alikuwa akibeba nini.

Dereva alikuwa Shekue, binamu yangu upande wa baba, mwanamume mwenye bajaji moja na maoni mengi. Mama nilimwachia kishikwambi cha ofisini, nikakiunganisha na simu yangu ili aione nukta yangu ya bluu ikitembea, nikidhani hilo litampunguzia kunipigia. Na kwa kuwa mimi ni mtaalamu, nikapanga rangi: ndugu wa upande wa mama nyekundu, wa upande wa baba kijani. Linki nikaitupa kwenye kundi la familia bila maelezo yoyote. Kumbukeni hizo rangi.

Moa, nyumba iliyo baharini

Barabara ya mpakani ni lami nzuri, na Shekue aliisifu njia nzima kana kwamba kaimwaga yeye. Tulipoiacha kushika ya vumbi kuelekea Moa, sifa zikakoma. Tulipata pancha, tukapata mtu wa kuziba pancha, kisha tukamsubiri mtu huyo amalize kusimuliwa na Shekue jinsi pancha ilivyotokea. Simu ya mama ikaingia.

"Mbona mmesimama?"

"Pancha, mama."

"Naona. Mmesimama karibu na miti."

Ndivyo ilivyokuwa kila tuliposimama. Hata nilipokwenda kujisaidia kichakani aliniuliza nimeelekea wapi peke yangu.

Moa tulitafuta nyumba ya mjomba Bakari, kaka yao mama na mama mdogo Rukia, kwa kutumia ramani ya mtandaoni kama wasomi. Ramani ikatupeleka mpaka ufukweni na kututaka tuendelee mbele. Picha ya setilaiti ilikuwa imesogea, na kwa mujibu wake mjomba anaishi majini pamoja na kuku wake. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika dagaa alinitazama nikigeuka na simu huku na huku, akasema kwa sauti ya kutosha, "Hapa hapauzwi!" Nikamwambia sinunui. "Wote husema hivyo," akanijibu. Lakini alipoona kikapu changu uso ukamlegea ghafla, akatuongoza mwenyewe hadi mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani weye?"

"Sihaba, wa Zuhura."

Nikampa fungu lake la halua. Akaligeuza, akautazama uzi, akamwita mkewe. "Mama Fatuma! Njoo uone, Zuhura ametuma!" Mkewe akatoka jikoni mikono ina unga, akalipokea fungu kwa viganja viwili, akapiga kigelegele. Nikafikiri, watu wa Moa wanapenda halua kweli.

"Lini?" akauliza mjomba.

Nikahesabu siku za kumaliza ramani. "Ijumaa, inshallah."

"Karibu hivyo! Haya, yote heri."

"Mko wangapi hapa, mjomba?"

"Tuandike wote. Hata wale wa nyumba ya pili, waandike."

Nikaandika. Tukaletewa bada, ule ugali wa muhogo wenye kunata, na pweza wa nazi aliyenifanya niwaze kuhamia. Nikamwonyesha mjomba nukta yake kwenye simu. Akavaa miwani.

"Hii bluu yote ni nini?"

"Bahari, mjomba."

"Mimi nakaa baharini?"

"Picha imesogea."

"Basi isogeze! Watu watafikiri nimezama."

Nikaikamata nukta kwa kidole na kumpandisha nchi kavu. Akashukuru, akaendelea kula. Halafu akauliza bila kuniangalia, "Na Rukia, kapelekewa?"

"Mama amesema nisimtie."

Mkono wake ukabaki juu ya sahani. Akanawa, chakula hajamaliza. "Basi Zuhura bado mgonjwa," akasema.

Muheza, kisha kupanda

Mwenye bajaji anayekubali kupanda Amani ama ana shida ama ana binamu. Muheza tulinunua machungwa. Baada ya hapo njia inaanza kujikunja na baridi inakuja kukutana nawe. Kila kwenye mwinuko Shekue alisema, "Sihaba, shuka kidogo," nami nikashuka kidogo mara nyingi sana. Lori la chai likatupita, wafanyakazi nyuma wakatushangilia. Mmoja akapiga kelele, "Dada, mbebe mgongoni!" Hakueleza kama nimbebe Shekue au bajaji.

Kule anakaa shangazi Mariamu, dada wa marehemu baba. Aliolewa na Mzee Elia, ambaye wazazi wake walikuja zamani kufanya kazi mashamba ya chai, na wote wawili ni nguzo za kwaya ya Kilutheri. Walitupokea kwa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha vyenye moshi, na kwa furaha ambayo, kwa kusema kweli, ilizidi kiwango cha mtu aliyekuja kuchukua nukta.

"Tumeiona ramani," akasema shangazi. "Mjukuu kaifungua. Sisi tuko kijani."

"Ndiyo, shangazi. Upande wa baba wote kijani."

"Bwana Mungu ni mwema. Sare ya kwaya yetu ni kijani!"

Wakatazamana, wakafurahi. Mzee Elia akajisogeza kwenye kigoda. "Sasa tueleweshe, mwanangu. Nyekundu ni upande wa bibi harusi. Sisi kijani ni wa bwana harusi. Lakini wewe ni damu yetu. Iweje tukae upande wa bwana? Au mlikosa watu upande ule?"

Nikarudisha kiazi sahanini.

Kwa Mzee Elia mtandao hauingii ndani, uko kwenye jiwe moja nyuma ya zizi. Nikakimbilia jiwe hilo, nikapanda, na simu ikaanza kutetemeka mkononi. Muscat: hongera. Mombasa: hongera, ila mngetuambia mapema. Dar: tumehesabu nukta, sufuria mnazo? Mtu ambaye hajawahi kunisalimu tangu nizaliwe aliuliza niletewe kanga za rangi gani. Ndipo nikaelewa. Nimepita mlango kwa mlango, nimebeba halua ya uzi mwekundu, kumbe ndiyo ya mwaliko, nimeuliza idadi ya watu wa kila nyumba, nimesema Ijumaa, kisha nimewachorea upande wa mke na upande wa mume kwa rangi mbili tofauti. Nilikuwa nimealika harusi kamili, tena kwa utaratibu wa zamani ambao wenyewe walidhani umekwisha tangu mama aanguke.

Nikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA HARUSI. HII NI RAMANI TU.

Jibu likaja papo hapo kutoka kwa mke wa mjomba: "Bibi harusi mwenye haya zake hukana hivyo hivyo. Mashallah."

Nikampigia mama.

"Mama, watu wanadhani naolewa!"

"Unaolewa?"

"Siolewi!"

"Basi kinachokusumbua nini? Mbona umesimama juu ya kitu?"

Tuliondoka Amani na baraka za kwaya nzima. Wangekuja na vinanda viwili.

Pangani, upande ambao kivuko hakipo

Kivuko cha Pangani kina tabia ya kuwa ng'ambo. Ukifika upande huu, kiko ule. Ukifika ule, huku. Safari hiyo kilikuwa ng'ambo na kinatengenezwa kitu, na watu walishaweka makazi: waliotandika kanga, waliocheza bao, mama mmoja ananyonyesha huku akimfokea mumewe kwenye simu. Juu yetu lile daraja wanalolijenga lilikuwa likitutazama tu. Tukaketi kwa muuza kahawa.

"Nyie ndo wa harusi ya Tanga?" akauliza akinimiminia.

"Nani kakwambia?"

"Muuza halua ni shemeji yangu. Hongera, bibie. Kashata hii ya kwangu, usilipe."

Nilikula ile kashata ya harusi isiyokuwapo. Shekue akasema, "Tusiende Mkwaja."

"Kwa nini?"

"Neno limeshafika kwa muuza kahawa. Kwa mama mdogo lilifika jana. Sasa fikiria. Amekaa mlangoni kwake, amesikia Zuhura anaalika pwani nzima, bajaji inafika, inampa halua Mzee Mbwana ukuta wa pili, inageuza, inaondoka. Mara ya kwanza alialikwa na simu. Mara hii hakualikwa kabisa. Hapo wamemalizana mpaka siku ya kiyama."

Nilimchukia kwa kuwa sawa. Kikapuni lilibaki fungu moja, la Mzee Mbwana. Nikimpa mama mdogo nitakuwa namdanganya kwa harusi ambayo haipo, na siku akijua itakuwa matusi juu ya matusi. Nisipompa ni kama Shekue alivyosema. Na kutokwenda kabisa ndiyo matusi yale yale kwa njia ya mkato. Nikafikiri kumpigia mama anishauri, nikakumbuka kwamba tulishapatwa na haya yote kwa sababu ya mtu kupiga simu.

Kivuko kikaja. Tukapanda pamoja na magunia ya nazi, nikiwa bado sijaamua lolote.

Mkwaja, kwa Mzee Mbwana

Karibu na Mkwaja tulikuta tembo amesimama njiani. Mmoja, mkubwa, ametoka huko mbugani Saadani kuja kuangalia mahindi ya watu. Shekue akapiga honi. Bajaji ina honi ya kichekesho na tembo akaisikiliza mpaka mwisho, masikio mbele, halafu akaendelea kusimama. Tulizima injini. Simu ikaita.

"Mbona mmesimama?"

"Tembo, mama," nikanong'ona.

"Msirudi," akasema, akakata.

Sikuwahi kusikia sauti ile kwa mama. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba. Nilikaa nayo mpaka tembo alipochoka kututazama akaingia porini.

Nyumba ya Mzee Mbwana naijua tangu utoto, kwa hiyo sikuhitaji ramani. Nilikuta kuta mbili na mpapai umeota ndani sebuleni. Paa hakuna. Mlango hakuna. Nikasimama mbele ya mpapai nimeshika fungu la halua.

"Unamtaka nani?"

Mama mdogo Rukia alikuwa mlangoni kwake. Ua limefagiwa likabaki na mistari, na yeye amevaa kanga mpya ambayo mtu havai kwa kuchambua mchicha, ingawa sinia la mchicha alikuwa amelishika.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nimeuliza, unamtaka nani?"

"Mzee Mbwana."

"Yuko makaburini. Mpelekee huko." Akachambua jani moja. "Tulimzika zamani. Zuhura alituma na rambirambi."

Mama alijua. Alikuwa amelala pale, uso ukutani, akanitajia jina la maiti, akanifungia fungu la maiti, maana kulitaja jina la dada yake mwenyewe kulimshinda. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nadhani nilifanya vyote viwili kwa pamoja, maana Shekue aliniuliza kama ni mafua.

"Nimesikia mnapita nyumba za watu," akasema mama mdogo.

"Tunapita."

"Kwa simu?"

"Kwa bajaji."

Akaitazama bajaji, na vumbi lake, na Shekue ndani yake. Akafikiri.

"Bajaji si simu," akasema. "Ingieni."

Ndani nikamkabidhi fungu kwa mikono miwili, kama mke wa mjomba alivyolipokea Moa. Hakulifungua. Akapapasa fundo la uzi kwa kidole gumba.

"Kafunga mwenyewe. Mashoto yule. Fundo lake linakwenda kinyume tangu utoto, alikuwa akinifunga nywele naumia upande mmoja." Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Mwambie sijakubali."

Na huku anasema hajakubali, alikuwa ameshavuta begi kutoka uvunguni, na begi lilikuwa limeshajaa.

Sikuweza. "Mama mdogo, nikwambie kweli. Hakuna harusi. Nilikuwa nachukua nukta za ramani. Watu wamejialika wenyewe."

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, kwa utulivu.

"Kwani mimi mjinga, Sihaba? Nani wa kukuoa weye?"

Shekue akatoka nje kucheka.

"Nakwenda kwa dada yangu," akasema. "Lakini siwezi kwenda tu, kama mtu aliyeshindwa. Nimekaa miaka nangoja mtu aje mlangoni na kitu cha kufunguliwa. Mmekuja. Basi." Akafunga zipu. "Hiyo ramani, mimi nimo?"

"Humo. Nilikatazwa."

"Rangi gani ya kwetu?"

"Nyekundu."

"Nitie. Na jina langu lote."

Nikasimama kizingitini, nikasubiri simu itulie, nikaichukua nukta, nikaandika jina, nikaipandisha hapo hapo. Mtandao wa Mkwaja una hisani zake, ukakubali. Tanga, kwenye kishikwambi, nukta nyekundu ingekuwa imetokea mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Nikaishika simu mkononi, nikingoja iite. Mama alikuwa amepiga kwa pancha, kwa kichaka, kwa tembo. Safari hii hakupiga.

Kurudi na mbuzi

Mbuzi ni wa mama mdogo. Alisema hawezi kwenda kwenye shughuli mikono mitupu, hata kama shughuli yenyewe ni ya uongo. Mbuzi alikaa miguuni petu na kula kona ya kiti cha Shekue. Simu yangu ilinyang'anywa tangu Mkwaja.

"Hii ya bluu ndo sisi?"

"Ndiyo."

"Na hii nyekundu ya Barabara ya Kumi na Mbili?"

"Mama."

Tangu hapo hakuinua macho. Kivuko kilikuwa, bila shaka, upande wa pili. Tulikaa pale mpaka mbuzi akamaliza kona ya pili, mama mdogo amekodolea simu, akimwambia Shekue aongeze mwendo wakati tumeegeshwa. Bado mama hakupiga. Mimi nilianza kupata woga wa kijinga, kwamba nukta ile nyekundu ilimshtua, kwamba nimemuua kwa ramani. Kuingia mjini nilikuwa nimeshika chuma cha bajaji kwa mikono yote miwili.

Nyumbani mtaa ulikuwa umeshaziba. Mjomba Bakari alikuwa barazani na tenga la samaki. Kwaya ya Amani imevaa kijani ukumbini, inapasha sauti. Mke wa mjomba aliponiona akapiga kigelegele, na mtu akanitupia mchele usoni. Sikumjibu mtu. Nilimpitisha mama mdogo katikati yao mpaka mlango wa chumba, na pale akasimama. Angeweza kuingia tu, ni chumba cha dada yake. Akabisha mbao kwa kidole kimoja.

"Hodi."

"Karibu," mama akasema.

Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amevaa buibui lake la kutokea, lile la kualikia, amejitanda vizuri, na kishikwambi kimekaa mapajani. Mlangoni viatu vyake vya safari vilikuwa vimepangwa jozi. Hawezi kusimama, mnajua.

"Pale kivukoni mlikaa sana," akasema.

"Kilikuwa ng'ambo."

"Niliona."

Kwaya ikaanza kuimba huko ukumbini, na kwa bahati mbaya walianza na wimbo wa maziko.

"Ningekuja mwenyewe, Rukia. Miguu hii."

"Najua. Nimekutazama njia nzima. Hukusogea hata kidogo." Mama mdogo akavua viatu vyake, akaviweka kando ya vile vya mama. "Sogea sasa, nikae."

Nikafunga mlango, maana mengine hayakuwa yangu, na pia nilikuwa nalia vibaya mbele ya kwaya.

Ijumaa tulikula pilau, kwa sababu watu walikuwa wamekuja na njaa haijali kama kuna harusi. Mzee Elia aliuliza mara tatu bwana harusi yuko wapi, mpaka mjomba Bakari akamwonyesha Shekue kumnyamazisha, na sasa Shekue hapiti Amani. Kuhusu bibi harusi, waliouliza niliwaambia wako wawili, wamejifungia ndani, na hawataki kusumbuliwa. Mlioambiwa hivyo mkadhani natania, basi sikutania.

Wageni walipoondoka, mama aliniita. Mama mdogo alikuwa amelala upande wa ukutani, begi lake limefunguliwa na nguo zimekwisha ingia kabatini.

"Ile nukta ya Mkwaja, ifute," mama akasema.

Moyo ukanianguka. "Mmegombana?"

"Hakai kule tena. Mtie hapa."

Nikaisogeza kwa kidole, kutoka Mkwaja, nikaivusha mto bila kungoja kivuko, mpaka Barabara ya Kumi na Mbili. Zimekaa pale nukta nyekundu mbili, zimelaliana hata ramani inaonyesha moja. Ukitaka kuziona zote inabidi uikuze sana, na ukiikuza kiasi hicho jioni yoyote utakapopita kwetu, utawasikia wanagombania mto wa kulalia.